Hujasikiliza, lakini hukumu ushatoa: metali na masikio ya Pwani

Nenda Kongowea siku ya kufunguliwa belo za mitumba. Utaziona fulana nyeusi zenye mafuvu, mabawa, mapanga na maandishi ya kusomeka kwa shida. Iron Maiden, Helloween, Slayer. Zinachukuliwa upesi kwa sababu kitambaa ni kizito na rangi haichuji ovyo. Wiki moja baadaye ile fulana iko Diani kwa dereva wa tuktuk, au iko Shimoni inapanda boti kwenda Mkwiro na kijana anayerudi nyumbani na mfuko wa unga. Mwombe akutajie wimbo mmoja tu wa bendi aliyoibeba kifuani. Atacheka. "Hii? Si ni picha tu, bana."

Sasa muulize anauonaje muziki wenyewe. Hapo jibu liko tayari: kelele. Au: mambo ya kishetani hayo. Kusikiliza bado, maoni yameshakamilika.

Usimcheke, maana wewe na mimi tuko vilevile. Tofauti ni kwamba yeye angalau ana fulana.

Hili linakuhusu hata kama maishani mwako hujawahi kuwa na hamu ya gitaa la umeme. Vijana wa Afrika Mashariki wanaotengeneza muziki huu wapo, wana albamu, wanazunguka dunia, na maoni yanayoamua kama watapata jukwaa hayatoki hapa. Yanatoka kwa wasikilizaji wa London, Berlin na New York. Sisi wa nyumbani tumejiuzulu kazi ya kusikiliza, halafu tunashangaa mtu wetu akisifiwa ugenini kabla hajajulikana kwao.

Chukua Duma. Agosti 2020, korona ikiwa imefunga kila kitu, albamu yenye jina hilo ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wenyewe ni Wakenya wawili, Martin Khanja, ambaye jukwaani huitwa Lord Spikeheart, na Sam Karugu, wote wametoka kwenye bendi za metali za Nairobi. Kwa Kiswahili duma unamjua, mnyama wa mbio. Kwa Kikuyu neno hilo linakwenda upande wa giza. Ukiiweka masikioni utaelewa kwa nini majina yote mawili yanaingia: ngoma za kompyuta zinakwenda kasi isiyo ya binadamu, sauti inakwaruza kama mtu anayevuta mnyororo juu ya mabati, na katikati ya vurugu hiyo kuna mpangilio ambao hauonekani mpaka usikilize mara ya pili au ya tatu. Majarida ya muziki ya Uingereza na Marekani yaliipokea kwa mikono miwili. Hapa kwetu? Waliokuwa wakiijua ni walewale mia chache wanaojuana kwa majina.

Kisha Aprili 2024 Lord Spikeheart akatoa albamu yake peke yake, The Adept, kupitia lebo aliyoianzisha mwenyewe na kuiita Haekalu. Aliitoa kwa heshima ya mama wa nyanya yake, Muthoni wa Kirima. Jina hilo ulilisikia shuleni, au ulipaswa kulisikia: mwanamke pekee aliyefikia cheo cha field marshal katika Mau Mau, ambaye Aprili 2022 alikatwa nywele alizozifuga tangu msituni, na aliyefariki Septemba 2023. Yaani kitukuu wa shujaa wa msituni anaimba kwa mlio wa vita, na mjadala mzito kuhusu kazi yake unafanywa na Wazungu wanaolazimika kwanza kutafuta Mau Mau ni nini. Sisi tunaojua tumenyamaza. Hilo linaniudhi kidogo, siwezi kuficha.

Lakini twende polepole, kwa sababu metali si kitu kimoja, na hapa ndipo hukumu ya "kelele" inapoanza kuyumba.

Iko metali ya kukwaruza, kama ya Duma. Na iko inayoitwa pawa metali, ambayo nyumbani kwake hasa ni Ujerumani. Hamburg, mwaka 1984, vijana walianzisha Helloween. Mwaka 1987 wakatoa Keeper of the Seven Keys, sehemu ya kwanza, na mwaka 1988 sehemu ya pili. Mwimbaji wao, Michael Kiske, alijiunga nao akiwa na miaka 18 tu, ana sauti inayopanda juu mpaka unahofia itakatika. Wengine wa Krefeld wakajiita Blind Guardian, na mwaka 1998 wakatoa albamu nzima iliyotokana na hadithi za Tolkien. Humu hamna kukwaruza. Kuna kuimba kwa sauti safi, kiitikio cha kuimbwa na ukumbi mzima, magitaa mawili yanayokimbizana, na hadithi za mashujaa, mapanga, usaliti na bahari iliyochafuka.

Tangu hapo kila miaka michache Ujerumani inatoa bendi changa ya namna hiyo, na kila albamu mpya wasikilizaji wake wanagombana juu ya mambo yaleyale. Mmoja atasema hii ni Helloween iliyopakwa rangi upya. Mwingine: ngoma zimesafishwa studio mpaka zinasikika kama mashine ya kushona. Wa tatu atalalamika kwamba mashairi ni ya kitoto, dragoni tena? Wa nne atajibu kwamba bila dragoni hiyo si pawa metali. Na kuna ugomvi wa kudumu kuhusu wimbo wa polepole katikati ya albamu, kama unapumzisha au unalaza.

Ukiyatazama vizuri maoni hayo, utaona kwamba ni mali yetu. Hivi sivyo watu wa Pwani wanavyobishania muziki tangu zamani? "Huyu anamwiga fulani." "Kinanda kimefunika udi." "Maneno mepesi, hayana fumbo." Taarab ya kisasa ilipoingia na vinanda vya umeme na spika kubwa, wazee waliapa kwamba hiyo si taarab ila ni kelele. Neno lilelile! Na ukumbini mama akiinuka na noti mkononi, hamtuzi mwimbaji kwa kuwa amependeza. Anasubiri ubeti fulani, neno fulani lililomgusa au linalomgusa jirani yake, ndipo anakwenda. Hayo ni maoni ya msikilizaji, tena yamelipiwa. Sijui mhakiki gani wa Berlin anayetoa noti kwa ajili ya mstari mmoja.

Mashairi ya kitoto, je? Hapo sisi ndio tungepaswa kuwafundisha. Mwaka 1728, Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utenzi wa Tambuka: majeshi, farasi, mapanga, falme mbili zinapambana kwa maelfu ya mistari. Mwaka 1913 Muhammad Kijuma wa Lamu akaandika Utenzi wa Fumo Liyongo. Hebu kumbuka kisa. Shujaa hadhuriki kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ikipita kitovuni. Adui wanamtumia mwanawe wa kumzaa. Mtoto anamchoma baba usingizini. Liyongo anatoka, anafika kisimani, anapiga goti, anaweka mshale kwenye upinde na kufa vivyo hivyo, na mji mzima unakaa na kiu kwa kuogopa maiti. Mpe kisa hicho kijana wa Krefeld mwenye nywele ndefu, kesho kutwa atakuletea nyimbo kumi na mbili na picha ya jalada. Na Mkwiro yenyewe iko kwenye ardhi ya Wavumba, watu wenye simulizi za madiwani wa Vumba Kuu na vita vya miji ya pwani. Malighafi iko kibarazani kwa bibi.

Nafahamu utaniambia nini. "Hayo sawa, lakini shetani je?"

Swali halali. Katika albamu ya Duma kuna wimbo unaitwa Pembe 666. Huwezi kumwekea mtu jina kama hilo kijijini kunakoadhiniwa mara tano kwa siku, halafu ukamwita mshamba akishtuka. Wamechagua kushtua, na aliyeshtuka amesikia sawasawa. Ninachokataa ni kuchukua mshtuko wa jina moja na kuufanya hukumu ya muziki wote, kwa sababu huko nje kuna mfano unaoziba mdomo kabisa.

Garut, Java Magharibi, Indonesia. Wasichana watatu wa shule ya Kiislamu, mwaka 2014, walianza kupiga metali baada ya mwalimu wao kuwaonjesha. Wanavaa hijabu jukwaani na hawajawahi kuivua kwa ajili ya kamera ya mtu. Wanajiita Voice of Baceprot, na baceprot kwa Kisunda maana yake ni kelele. Yaani walilichukua tusi wakaligeuza jina. Waliambiwa wanaharibu dini, wakatishwa, wakashauriwa waolewe watulie. Wakajibu kwa wimbo ambao jina lake ni ombi kwa Mungu awaruhusu kupiga muziki. Mwaka 2022 walipanda jukwaa la Wacken, Ujerumani. Mwaka 2023 wakatoa albamu yao, Retas. Mwaka 2024 wakacheza Glastonbury, Uingereza, bendi ya kwanza ya Indonesia kufika hapo. Wanaimba Kisunda, Kiindonesia na Kiingereza.

Na Wacken ni wapi? Usidhani ni jiji. Ni kijiji cha wakulima kaskazini mwa Ujerumani, wakazi wake hawafiki 2,500. Tamasha lilianza mwaka 1990 na watu kama 800 hivi. Siku hizi linapokea watu wapatao 85,000, wanalala kwenye mahema mashambani, mvua ikinyesha wanageuka matope. Sisemi Mkwiro iwe Wacken. Kisiwa cha Wasini hakina hata gari, na kelele za watu 85,000 zingewafukuza pomboo wote wa Kisite mpaka Pemba. Nasema tu kwamba kijiji si kisingizio. Walianza kwa kusikiliza wao kwa wao.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili likifika mezani huwa linaruka muziki na kutua kwenye maadili moja kwa moja. Tamasha la Nyege Nyege, lililoanza mwaka 2015 Jinja, lilipigwa marufuku mwaka 2018 na waziri wa maadili wa Uganda, kisha likaruhusiwa. Mwaka 2022 Bunge likataka lisifanyike, serikali ikaliruhusu kwa masharti. Mijadala mirefu, na ndani yake huwezi kuokota sentensi moja inayosema ngoma zilikuwaje. Mtu mzima ana haki ya kulinda maadili ya watoto wake, sina ubishi. Lakini msanii aliyetaka kujua kama wimbo wake wa pili ulikuwa mrefu mno aliondoka bila jibu.

Kuna jambo lingine ambalo vijana wa roki wa Nairobi hawapendi kuambiwa, nami nitawaambia. Sehemu ya ukimya wetu ni kosa lao. Bendi nyingi zimekuwa zikiimba Kiingereza, tena kile cha kuiga Marekani, kwenye kumbi za Westlands ambako kiingilio na nauli ya kurudi usiku ni bajeti ya wiki ya mtu wa Likoni. Msikilizaji wa Pwani ana sikio la maneno kwanza. Akikosa neno la kushika anabaki na mlio, na mlio peke yake, ndiyo, ni kelele. Rammstein wanajaza viwanja dunia nzima wakiimba Kijerumani. Baceprot wana Kisunda chao. Kiswahili kinachobeba tenzi za mistari maelfu kinashindwaje kubeba kiitikio cha mistari minne?

Halafu kuna habari ya bando. Spotify ilifika Kenya Februari 2021, Boomplay ilitangulia, YouTube ndiyo redio ya kila mtu. Wote hao wanakulisha wimbo mmojammoja, na bando ya shilingi ishirini haikuachii nafasi ya kumsikiliza mtu dakika 40 hadi 60 ili ujue anakwenda wapi. Albamu ya pawa metali imejengwa kama utenzi, ubeti wa katikati hauna maana bila wa kwanza. Ukisikia sekunde thelathini na kupitisha kidole, hujatoa maoni kuhusu albamu. Umetoa maoni kuhusu sekunde thelathini.

Basi nikajaribu. Mkwiro, jioni, chini ya mkungu, spika ndogo ya bluetooth iliyonunuliwa Ukunda, vijana wanne wa kati ya miaka 17 na 24 waliokuwa wanasubiri maji yajae. Niliwapa nyimbo tatu bila kuwaambia ni za nani: Eagle Fly Free ya Helloween, ule wa Baceprot wa kuomba ruhusa, na Lionsblood wa Duma. Wanne si utafiti, usije ukaninukuu. Lakini nilichokisikia kilikuwa na akili kuliko mengi niliyoyasoma.

Helloween waliipenda bila kutaka kukiri. Mmoja, anayefanya kazi kwenye boti za watalii, alisema zile ngoma za miguu miwili zinafanana na mashine ya boti wimbi linapoinua tezi na panga likazunguka hewani. "Inakimbia lakini haisukumi kitu," akasema. Nimesoma kurasa kuhusu ngoma za pawa metali na sijaona mtu aliyelisema hivyo. Mwenzake, anayepiga matari kwenye maulidi, hakukubali. Alisema inasukuma sana, ila mpigaji hamwachii mwimbaji mahali pa kuvuta pumzi, na kwenye matari ukifanya hivyo unatolewa. Wakabishana dakika kumi. Wimbo ulikuwa umekwisha zamani.

Baceprot niliwaeleza baada ya kusikiliza kwamba ni wasichana wa hijabu. Kimya. Kisha: "Rudia." Wakausikiliza upya, mara hii wakitafuta sauti zao, na aliyekuwa ameuita wa kawaida mara ya kwanza akabadilisha, akasema gitaa la besi ndilo lililomshika. Nikamtania kwamba kilichomshika ni hijabu. Akakataa, akaniimbia ile besi kwa mdomo, na hakukosea.

Duma ndio waliotugawa. Aliyekuwa kimya muda wote aliomba nizime kabla ya nusu, magharibi inaingia, na mimi nikazima. Wa boti alisema hajui kama ni muziki ila anajua ni hasira, na kwamba hasira hiyo anaifahamu, ya mtu aliyenyimwa kitu. Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu Mau Mau wala Muthoni. Nilipomwambia, aliuliza swali moja: "Sasa kwa nini asilitaje jina lake kwa Kiswahili tukasikia?"

Sina jibu la swali hilo, na sidhani kama jarida lolote la London limewahi kumuuliza Lord Spikeheart. Wewe una simu, naye ana kurasa zake za mitandao ambazo anazisoma. Sikiliza The Adept yote, siku ukiwa na waifai ya mtu, halafu mwandikie. Ukiona wimbo wa tatu umezidi urefu, mwambie umezidi urefu. Ukiona ni mbaya, mwambie ni mbaya na useme ni dakika ya ngapi.

Mpiga matari wa Mkwiro aliomba nimtumie Helloween. Siku mbili baadaye akanitumia sauti ya WhatsApp ya sekunde 40: matari mawili, kasi ileile ya Eagle Fly Free, na mahali pa kuvuta pumzi pameachwa.